Projekta ya Katikati

Barabara ya Salo, nje ya Hancock, Michigan
11 Novemba

Mdogo wangu Sylvi,

Salamu kutoka huku ndani ya friji. Mimi mzima. Mbwa Musti mzima, ila anamchukia mtu wa posta kuliko zamani. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne na haina dalili ya kuondoka. Waino Salmela, jirani, bado anakuja kila asubuhi kunywa kahawa yangu na kuniambia kwamba ni mbaya. Kanisani tumeletewa mchungaji kijana anayehubiri mpaka watu wanaanza kuwaza viazi walivyoviacha kwenye oveni.

Natumaini umeanza kuizoea nyumba bila shemeji Duane. Sijui watu huzoeaje. Mimi sikuoa, kwa hiyo nilianza nikiwa nimeshazoea.

Jambo lenyewe ni hili. Nataka kuweka gofu bandani. Si ya nyasi, ni ile ya turubai: unapiga mpira wa kweli, unagonga turubai, kifaa kinapima umeupigaje, na picha inakuonyesha ungeangukia wapi. Kifaa cha kupimia nimeshapata kwa bwana mmoja wa Houghton ambaye mkewe alimwambia achague kati yake na gofu. Turubai liko. Kilichobaki ni projekta ya kurusha hiyo picha. Wewe ulikaa maktaba ya shule miaka chungu nzima ukiazimisha walimu projekta na kurudishiwa mbovu, basi niambie ninunue ipi. Iwe ya bei nafuu. Nikisema nafuu unanijua.

Daktari amesema nifanye mazoezi.

Ningeweza kupiga simu, lakini Mama alituachia sheria kwamba simu ni ya misiba, mengine yote yabandikwe stempu. Amekufa, ila sheria hakuifuta.

Kaka yako,
Reino

*

Mesa, Arizona
24 Novemba

Kaka Reino,

Barua yako imefika na doa la kahawa, nikajua ni wewe kweli. Mimi sijambo. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kushika usukani wa gari bila kulia. Machungwa ya uani yameiva. Duane ndiye aliyekuwa akiyachuma. Sasa yanaanguka yenyewe, mimi naokota. Kila asubuhi natengeneza kahawa ya watu wawili, halafu namwaga nusu. Kuhusu kuzoea, nimefika hapo.

Cheryl, binti wa Duane kwa mke wa kwanza, huja kila Jumapili na vijitabu vyenye picha za wazee wanaocheka. Kuna makao ya wazee hapa mjini, yana bwawa la kuogelea na muuguzi wa kupima presha. Anataka niuze nyumba nihamie huko. Ananiambia, "Mama Sylvi, nafasi hazingoji mtu." Nimemwahidi jibu Jumapili ya mwisho ya Machi. Ni mtoto mwema, na hiyo ndiyo tabu yake, huwezi hata kumgombeza.

Haya, gofu. Reino, tangu lini? Si wewe uliyesema mbele ya watu kwamba gofu ni safari ndefu ya kwenda kupoteza mpira? Kila nikikuandikia kwamba nimecheza na Duane, ulikuwa unajibu, "Mliupata?"

Lakini daktari akisema, amesema. Sasa nisikilize. Kwanza, usinunue chochote mpaka tumalizane. Vile vijiprojekta vya mtandaoni vinavyotosha kwenye mkoba, ambavyo boksi limeandikwa mwangaza wa lumeni elfu tisa, ni uongo mtupu. Tafuta yenye elfu tatu na zaidi, ziwe za kweli, utaona picha hata taa zikiwaka. Pili, nipe vipimo vya banda: upana wa turubai, kimo cha dari, na nafasi iliyopo nyuma. Kila projekta ina umbali wake wa kurusha picha. Za kawaida hutaka kukaa mbali, nyuma ya mchezaji, kwa hiyo kivuli chako kinaangukia turubai na unabaki kujipiga mgongoni mwenyewe. Zile za karibu hufungwa darini, mbele kidogo ya kichwa chako, hakuna kivuli, ila bei yake imechangamka.

Usikimbilie rahisi. Rahisi ghali.

Nduguyo,
Sylvi

*

Barabara ya Salo
8 Desemba

Sylvi,

Salamu. Tuko salama. Musti alimuuma mtu wa posta, si sana. Huenda ndiyo sababu barua yako ilichelewa. Ilifika siku tatu baada ya mimi kununua kijiprojekta cha mkobani chenye mwangaza elfu tisa.

Sina la kusema juu yake. Picha inaonekana kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Nilizima taa zote na kuziba dirisha kwa blanketi, nikaona kitu cha kijani, nikafurahi, kumbe ni blanketi. Waino alikuja kutazama.

"Hayo ni maji au nyasi?" akauliza.

"Nyasi."

"Na lile jitu jeusi katikati?"

"Mimi. Kivuli changu."

"Unatisha."

Nimempa mchungaji awaonyeshee watoto picha za Nuhu. Amesema gharika inaonekana vizuri mno.

Vipimo: turubai futi kumi kwa upana, dari futi kumi na moja, nyuma kuna nafasi ya kuweka trekta. Najua kuna nafasi hiyo kwa sababu trekta lipo, lakini nitalitoa.

Kuhusu yale makao. Nimesikia mabwawa ya watu wengi yana vijidudu.

Mama alikuwa akioka mkate wa iliki siku kama ya leo. Nimejaribu. Musti ameukataa.

Reino

*

Mesa
28 Desemba

Kaka Reino,

Krismasi imepita, nimeila kwa Cheryl. Walipika bata mzinga, na wajukuu wa Duane walinivalisha taji la karatasi wakanisahau nalo kwenye kochi. Watu wazuri. Nilikaa katikati yao nikamkumbuka Duane hadi nikajifuta macho, nikasingizia pilipili.

Asante kwa taarifa ya vijidudu.

Nilikwambia usinunue, ukanunua. Sikio la kufa halisikii dawa. Yamepita. Sasa fanya hivi. Shule na ofisi nyingi zinauza projekta zao za zamani wanapoleta mpya. Tafuta ya taa ya kawaida, mwangaza elfu tatu na nusu, iliyofanya kazi kidogo. Kuna kitufe kinachosema taa imeshawaka kwa jumla ya saa ngapi. Kibonyeze mbele ya muuzaji umtazame usoni. Usijali kama picha yake ni ya umbo la kizamani, karibu mraba, maana turubai la gofu nalo ni hivyo hivyo. Wenye pesa wanahangaika na picha pana halafu nusu yake inaishia ukutani.

Na hapa ndipo utakapookoa fedha. Wewe unapigia mkono wa kulia, kwa hiyo ukiutazama mpira na turubai mbele yako, unasimama kushoto kwa mpira. Ifunge projekta nyuma, upande wa kulia, juu. Picha itapinda kidogo, utainyoosha kwa kitufe. Kivuli chako hakitagusa kitu. Hiyo ni projekta ya bei ya chini kabisa, na kwa mtu mmoja inatosha.

Ingekuwa kuna mwingine wa kupigia mkono wa kushoto, huyo angesimama upande wa pili, pale pale kwenye njia ya mwanga, na ungelazimika kununua ile ya karibu ya kufungwa katikati. Lakini uko peke yako, basi usitupe hela.

Makao wameleta fomu. Chumba kina dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Sylvi

*

Barabara ya Salo
17 Januari

Sylvi mdogo wangu,

Salamu nyingi. Baridi imezidi sasa hivi hata Waino ameacha kuisemea kahawa, anakishika tu kikombe. Mimi nina afya. Mchungaji amefupisha mahubiri baada ya bomba la kanisa kuganda.

Nilipata projekta ya shule huko Baraga, kama ulivyoagiza. Nilibonyeza kitufe, nikamtazama muuzaji usoni, akatazama viatu. Akapunguza bei. Nikaifunga nyuma, upande wa kulia. Picha ikatoka safi kabisa, nyasi kijani, mbingu bluu. Ilidumu kwa siku nne.

Nikueleze polepole, maana nisingependa umlaumu mtu. Bandani ni baridi, mpira ukiupiga unalia kama jiwe. Jiko kuukuu la sauna ya Baba lilikuwa limekaa bure tangu nijenge sauna mpya. Nikalifunga bandani na mawe yake juu, kwa kuwa mawe yanashika moto. Kando nikaweka ndoo ya maji na kata, ya kuoshea mipira. Na benchi, la kupumzikia.

Waino akaingia. Akavua kofia, akavua koti, akavua viatu, akaketi. Akayatazama mawe, akaitazama ndoo.

Nikamwambia, "Waino, hapana."

Akasema, "Hapana nini?" na huku ameshamwaga kata nzima juu ya mawe.

Si kosa lake. Mkono ule umemwagia mawe ya sauna maji ili kupata mvuke kila Jumamosi tangu ananyonya. Mvuke ukapanda darini, na projekta ndiko ilikokuwa. Ikalia tii, ikafa.

"Mvuke mzuri," Waino akasema, macho kafumba.

"Umeua projekta yangu."

"Sasa projekta unaiweka saunani ya nini?"

"Hapa si sauna, mwanaharamu wewe!"

"Kuna mawe, kuna ndoo, kuna benchi, na wewe umekunja uso. Hapa ni sauna."

Nikavua koti. Tukakaa kidogo, kwa sababu mvuke ulikuwa mzuri kweli.

Basi naanza upya. Safari hii nataka ile ya karibu, ya katikati. Nitajie aina ya kutafuta na umbali wa kuifunga. Bei nitajua mwenyewe.

Kaka yako

*

Mesa
5 Februari

Kaka Reino,

Barua yako niliisoma jikoni. Nilicheka mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Tangu Duane afariki sikuwa nimecheka hivyo, na nimemwandikia Waino kadi ya shukrani. Mwambie ni ya kweli, si kejeli.

Halafu nikaisoma tena, nikaacha kucheka.

Kwa turubai la futi kumi, tafuta projekta ya karibu inayofungwa futi nane kutoka turubai, katikati kabisa, juu darini. Ukipiga kutoka futi kumi, mpira utapita chini yake. Ijengee kisanduku mbele ili mpira wa kichaa usiipate. Jiko la Baba lirudishe linakostahili, weka hita ya umeme. Hayo ndiyo majibu uliyoniuliza.

Sasa nikuulize yangu. Kwa nini katikati? Ile ya pembeni ingekutosha, na wewe ni mtu unayekausha mifuko ya plastiki kwenye kamba ili uitumie tena. Nani huko anapigia mkono wa kushoto? Waino hawezi kuinua bega. Mchungaji? Musti?

Katika ukoo wetu wote mwenye mkono wa kushoto ni mmoja, Reino. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ananifunga mkono huo kwa kitambaa, na wewe ndiye uliyekuwa unanifungua tukifika kona ya duka, halafu unanifunga tena tukikaribia nyumbani ili Mama asijue. Hukuwahi kusema neno. Hata fundo ulilirudisha vile vile.

Najua nilichosema siku ya mazishi ya Mama. Nilisema sitarudi kukaa mahali ambapo mtu hawezi kupiga mpira wa gofu miezi saba kwa mwaka. Nilikuwa na hasira, na baridi ilikuwa imenipasua midomo. Nilitegemea utasema, "Kaa." Ukamimina kahawa. Mimi nikapanda ndege nikiwa nimeudhika, na nimeudhika miaka yote hii, basi nimekwambia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumekulia saunani bila nguo, Reino, hatukufichana chochote ila maneno. Kama una la kusema, liseme. Siwezi kuja kukaa kwa mtu kwa sababu amenunua projekta. Jumapili ya mwisho ya Machi Cheryl anakuja na kalamu, na mimi nimechoka. Nitasaini.

Sylvi

*

Barabara ya Salo
19 Machi

Sylvi,

Salamu. Sote wazima. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, upande wa kaskazini. Upande wa kusini haijafika. Waino ameibandika kadi yako kwenye friji yake, na kila mgeni anaonyeshwa. Mtu wa posta amekataa kushuka garini, kwa hiyo natembea mpaka barabarani kuchukua barua, ambayo ni mazoezi.

Projekta ya katikati imefika. Imetumika, lakini kidogo. Nilimuuzia Waino ile mashua ambayo hatukuwa tunaitumia. Nimejenga kisanduku. Hita ya umeme nimenunua. Ndoo nimeiondoa.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma pia kwenye sauna, mpaka wino ukaanza kuhama.

Nilianza kuandika sentensi moja hapa chini, nikaikata. Usijisumbue kuinua karatasi kwenye taa, nimeikata vizuri.

Inasemekana wiki ijayo kutakuwa na upepo kutoka magharibi.

Reino

*

Mesa
Jumatatu, baada ya ile Jumapili

Kaka yangu Reino,

Leo sikusalimu kwanza, maana jana ulinisalimu wewe na sijapona.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa imefika leo asubuhi, umechelewa hata na stempu. Niliinua karatasi kwenye taa. Umeikata vizuri kweli.

Nikueleze ilivyokuwa upande huu, kwa kuwa ulikata simu kabla hujaujua. Cheryl alikuwa ameketi mezani na fomu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, mkono wa kushoto, na nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Simu ikalia. Nikaona namba ya kwetu. Tangu nihame, namba hiyo imenipigia mara mbili: msiba wa Baba, na wa Mama. Nikajua ni Waino anapiga, kwamba umeanguka bandani, kwamba nimekuandikia barua ya ukali na sasa umekufa nayo mfukoni.

"Nani kafa?" nikasema.

Ukasema, "Hakuna."

"Waino, niambie ukweli, nani kafa?"

"Si Waino, ni mimi. Hakuna aliyekufa. Projekta imewaka."

Nilikaa chini, sakafuni. Cheryl akaanza kutafuta vidonge vyangu.

"Nimeifunga katikati," ukasema. "Nimesimama upande wako wa mpira. Nimegeuka huku, nimegeuka kule. Hakuna kivuli."

Nilisikia unapumua. Nilisikia na Waino nyuma yako akinong'ona, "Sema, we mzee, sema, simu inakula pesa."

Ndipo ukasema, "Njoo nyumbani, Sylvi. Nimechoka kunywa kahawa na Waino." Na sauti ikakukatika pale, usinidanganye kwamba ni laini ya simu. Ukakata.

Nililia pale sakafuni kwa sauti. Nimelia kwa ajili ya Duane, kwa ajili ya Mama, kwa ajili ya kile kitambaa, na kwa ajili yako uliyeuza mashua ya Baba ukasema hatukuwa tunaitumia. Cheryl masikini akapiga magoti, akanishika mabega, uso umempauka.

"Mama Sylvi, nani kafa?"

Nikamwambia, "Hakuna."

"Sasa mbona unalia?"

"Kwa sababu hakuna aliyekufa, na amepiga simu."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Lakini ni mtoto mwema. Aliitazama fomu, akaitazama ile herufi moja, akaikunja akaitia kwenye mkoba wake, akaniuliza kama nina koti zito. Sina. Tutakwenda kulinunua kesho.

Nakuja Jumamosi ya pili ya Aprili. Nitaleta fimbo zangu za mkono wa kushoto na machungwa kadiri watakavyoniruhusu kwenye ndege. Washa sauna, ile ya kweli, na ndoo irudi huko. Mkate wa iliki usioke, nitaoka mimi. Mwambie Waino anaweza kuja kila siku kama kawaida, kahawa sasa itakuwa nzuri.

Na simu usipige tena, Reino, moyo wangu si wa chuma. Nikifika nitabisha hodi mwenyewe.

Mdogo wako,
Sylvi